Mwamba, Milango na Tabaka la Siri: Kuchora Handaki la Mchezo Jioni Moja

Waliotazama tamthilia ya Stranger Things wanaikumbuka meza ile. Ni Novemba 1983 katika mji wa kubuniwa wa Hawkins, Indiana. Watoto wanne wamejifungia kwenye chumba cha chini ya nyumba. Mmoja anasimulia kwa sauti nzito, wenzake wanarusha dadu na kupigiana kelele. Mji ni wa kubuniwa lakini mchezo ni wa kweli. Unaitwa Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na umezaa mamia ya michezo ya aina yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hiyo: hapa hakuna anayemfunga mwenzake kama kwenye bao au drafti. Mtu mmoja, ambaye katika makala hii nitamwita msimulizi, anaubeba ulimwengu mzima kichwani. Anajua nani kajificha wapi, mlango upi umekomewa na sanduku lipi lina sumu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, awe askari, mwizi au mchawi, na wao ndio wanaoamua waende wapi na wafanye nini. Dadu zinasema kama wamefaulu. Wakishaamua kushuka chini ya ardhi, swali lao la kwanza halibadiliki: "Tunaona nini?" Hapo ndipo msimulizi anapoihitaji ramani.

Ramani hiyo ndiyo habari yetu leo, na hasa namna ya kuichora haraka kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha, usiku wa kuamkia siku ya mchezo, baada ya kazi na kabla ya usingizi. Msimamo wangu niutoe mapema ili msomaji asije akadhani nimeuficha: ramani nyingi zinazochorwa siku hizi ni nzuri kupita kazi yake. Mtu anatumia saa tatu kupaka ukungu wa kijani kwenye mawe ya sakafu, kisha wachezaji wanaingia chumba hicho, wanachukua taa na kutoka bila hata kutazama chini. Saa hizo tatu zingetosha kuamua milango iwe wapi, na milango ndiyo inayochezwa.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwenye karatasi ya grafu. Dave Arneson wa Minnesota alikuwa na kundi la wenzake waliokuwa wakipiganisha sanamu ndogo za askari mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwatoa kwenye uwanja wa vita akawaingiza chini ya ngome iliyoitwa Blackmoor, kwenye vyumba na korido alizozichora mwenyewe. Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, alipouonja mchezo huo naye akajichimbia mahandaki yake chini ya ngome ya Greyhawk. Wawili hao ndio waliotajwa kama waandishi wa kanuni, na Januari 1974 kampuni changa ya TSR ikatoa sanduku lenye vijitabu vitatu, nakala 1,000, bei dola 10. Kijitabu cha tatu kilikuwa na mfano wa ramani ya handaki, na kilimtaka msimulizi achore za kwake kwanza ndipo aite watu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba siku zile mezani palikuwa na ramani mbili. Msimulizi alikuwa na ya kwake nyuma ya kadi iliyosimamishwa, na mchezaji mmoja aliyeteuliwa kuwa mchoraji alikuwa na yake, anayoichora kwa kusikiliza tu. "Korido inakwenda mashariki futi 60, kisha inakata kaskazini." Mchoraji anahesabu miraba, anachora, anakosea, anafuta. Wasimulizi wenye roho ngumu waliweka korido zenye mteremko mdogo usiohisika, ili kundi lijione bado liko orofa ya kwanza ilhali limeshashuka hadi ya pili, kwenye majitu yasiyo ya kiwango chao. Ukichora kwa kompyuta leo, jambo hilo la ramani mbili ndilo unalopaswa kulirudisha, na nitaeleza hapa chini jinsi programu inavyolirahisisha.

Mwaka 1978 TSR ilipoanza kutoa mfululizo wa visa vilivyokamilika, ramani zake zilichapwa ndani ya jalada kwa rangi ya buluu hafifu, rangi ambayo mashine za fotokopi za wakati ule ziliinasa kwa shida. Ukiziangalia ramani hizo leo utashangaa zilivyo na mapambo machache. Mwamba ni buluu tupu, sakafu ni nyeupe, mlango ni kijisanduku juu ya ukuta, mlango wa siri ni herufi S, ngazi ni mistari iliyopangwa sambamba. Basi. Na watu walicheza kwenye ramani hizo kwa miaka. Lugha hiyo ya alama bado inaeleweka na wachezaji wengi, na kwa mtu mwenye haraka ni neema, kwa kuwa kila alama yake inachorwa kwa kubofya mara mbili.

Sasa zana. Photoshop iliingia sokoni Februari 1990, lakini kitu kilichoifaa kazi yetu kilikuja na toleo la 3.0 mwaka 1994, nacho ni matabaka. Tabaka ni kama karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyolazwa juu ya nyingine: unachora kwenye moja bila kuigusa ya chini yake. Mwenye Photoshop aitumie. Asiyekuwa nayo asiibe nakala, kwa sababu GIMP ipo, ni ya bure, na inafanya yote yatakayosemwa hapa. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ikatolewa kwa umma mwaka 1996. Krita nayo ni ya bure na ina brashi bora zaidi kwa wanaochora kwa kalamu ya kidijiti.

Kuna atakayeuliza: kwa nini nisitumie programu zilizotengenezwa mahususi kwa ramani? Zipo, na baadhi ni nzuri sana. Dungeondraft inauzwa kwa malipo ya mara moja na inakupangia hadi mapipa na vitanda. Dungeon Scrawl inafanya kazi ndani ya kivinjari na haidai hata senti kwa matumizi ya kawaida. Lakini ile ya kivinjari inahitaji bando, na ile ya mapipa inakufungia kwenye mapipa ya mtengenezaji wake, kiasi kwamba ramani zako zinafanana na za kila mtu. Programu ya picha inafanya kazi mtandao ukiwa umekatika, kwenye kompyuta ya zamani, na ujuzi wake unakufaa kesho ukitakiwa kutengeneza kadi ya harusi. Zile za akili mnemba zinazotoa picha kwa kuambiwa siziingizi humu. Zinatoa vyumba vya kupendeza ambavyo havina mlango, na ngazi zinazopanda hadi ukutani.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Mfanyabiashara wa chumvi ana ghala chini ya duka lake. Wezi wamelitoboa ukuta, wakachimba, na bila kutarajia wakaangukia kaburi la mtawala wa kale ambaye hakulala vizuri. Vyumba kama kumi hivi, kundi la wachezaji wanne, mchezo wa alasiri moja.

Kabla ya kuwasha kompyuta chukua kalamu na kipande cha karatasi, chora viduara vya vyumba na uviunganishe kwa mistari. Usichore kuta. Ghala, shimo la wezi, chumba cha mlinzi, kisima, ukumbi wa nguzo, kaburi. Kazi hii ni ya dakika chache na ndiyo yenye thamani kuliko zote zitakazofuata. Mistari ikiwa imepangana kwenye foleni, chumba cha kwanza hadi cha mwisho, basi hujachora handaki; umechora barabara yenye vituo, na wachezaji hawana la kuamua zaidi ya kuendelea au kurudi nyumbani.

Bingwa wa jambo hili alikuwa Jennell Jaquays, aliyefariki Januari 2024. Mwaka 1979 aliandika The Caverns of Thracia kwa kampuni ya Judges Guild, na hadi leo wachoraji wa mahandaki wanausoma mchoro wake kwa heshima. Kuna zaidi ya njia moja ya kuingia. Korido zinazunguka na kukutana tena. Ngazi za orofa hadi orofa ziko kadhaa, nyingine zinaruka orofa nzima. Kundi linaloogopa mlinzi linaweza kumzunguka. Kundi linalokimbia linaweza kutokea nyuma ya linalolifukuza. Baadaye Jaquays alikwenda kubuni viwanja vya michezo ya kompyuta, ikiwemo Quake II na Quake III Arena, na si ajabu: mtu anayejua kuchora njia inayozunguka anahitajika popote panapokimbizwa watu.

Kwenye mfano wetu, basi, ongeza mstari mmoja. Kisima cha ghalani kina maji, na chini ya maji kuna tundu linalotokea ukumbi wa nguzo. Mstari huo mmoja umebadilisha kila kitu. Mchezaji mwenye mhusika anayejua kuogelea ana sababu ya kushangilia, mlinzi anaweza kukwepwa, na kiumbe cha kaburini kina njia ya kuja ghalani ambayo hakuna aliyeilinda.

Mwamba kwanza, sakafu baadaye

Sasa fungua programu. Ukubwa wa turubai unategemea ramani itaonekana wapi. Kwa skrini, Roll20, jukwaa la kuchezea mtandaoni lililoanza mwaka 2012, linahesabu pikseli 70 kwa kila mraba, na mwenzake Foundry anahesabu 100. Handaki la miraba 40 kwa 30 kwa kipimo cha Roll20 ni pikseli 2,800 kwa 2,100, mzigo ambao kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita inaubeba. Weka gridi ya programu iwe pikseli 70, kisha washa chaguo linalofanya kipanya kinase kwenye gridi. Usiruke hatua hii. Bila kunasa, kila chumba kitapinda kwa pikseli mbili tatu na utatumia usiku mzima kunyoosha kuta.

Tabaka la chini lijaze kijivu kizito. Huo ndio mwamba. Juu yake fungua tabaka tupu, liite sakafu. Shika zana ya kuchagua kwa pembenne, buruta chumba cha kwanza, bonyeza Shift na uburute cha pili, cha tatu, korido, hadi mchoro wako wa viduara uwe umegeuka miraba. Ukimaliza, jaza yote nyeupe kwa mkupuo. Umekosea korido? Chagua kipande hicho na ukifute. Mwamba unarudi wenyewe, kwa maana haukuguswa. Wengi wanaoanza hufanya kinyume: wanachora kuta, mstari baada ya mstari, kisha wanahangaika kuziba pembe zisizokutana. Anayechora sakafu hahangaiki na kuta kabisa, zitajichora.

Zinavyojichora ni hivi. Iambie programu ichague umbo lote la sakafu, amri ambayo iko kwenye menyu ya tabaka. Tanua eneo hilo kwa pikseli sita. Fungua tabaka jipya chini ya sakafu na ulijaze nyeusi. Kwa kuwa sakafu imelala juu, kinachoonekana ni ukingo mweusi kuizunguka pande zote, wenye unene uleule, hata kwenye kona za ajabu. Kuta zote za handaki zimepatikana kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe.

Gridi inayoonekana iwe na tabaka lake, juu ya sakafu. GIMP ina amri ya kuzalisha gridi kwenye orodha ya vichujio. Ipe pikseli 70, rangi ya kijivu, na upunguze nguvu ya tabaka hadi mistari ionekane kwa anayeitafuta tu. Kisha chagua sakafu, geuza uchaguzi uwe wa nje, na ufute gridi iliyolala juu ya mwamba. Gridi juu ya mwamba inawaambia wachezaji wahesabu miraba hadi chumba jirani, na mchezaji mjanja atahesabu kweli.

Kivuli ndicho pambo pekee ninalolitetea, kwa kuwa kinafanya kazi: jicho linatambua mara moja kipi ni shimo na kipi ni mwamba. Fungua tabaka juu ya sakafu, chagua kila kisicho sakafu, jaza nyeusi. Ondoa uchaguzi, tia ukungu wa pikseli kama 15, na ulisogeze tabaka kidogo kulia na chini ili mwanga uonekane unatoka pembe ya juu kushoto. Mwisho futa kilicho nje ya sakafu na upunguze nguvu hadi asilimia 40 hivi. Kuta zitainuka. Wenye Photoshop wanapata kitu hichohicho kwa mitindo ya tabaka, na wenye GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, wanaweza kuacha kichujio cha ukungu kikiwa hai juu ya tabaka, wakakirekebisha baadaye bila kuanza upya. Kwa miaka mingi hilo ndilo watu wa GIMP walikuwa wakiwaonea wivu wenzao.

Milango chora mmoja tu. Kijisanduku cheupe chenye ukingo mweusi, kikae katikati ya ukuta. Nakili, bandika, zungusha nyuzi 90, bandika. Ngazi vivyo hivyo. Nguzo za ukumbi ni mviringo mmoja mweusi ulionakiliwa. Ukihifadhi alama hizi kwenye faili la pembeni, ramani ya wiki ijayo itakuwa imeshaanza.

Wapo wanaopenda mtindo wa michirizi, ule ambao kingo za mwamba zimechanwachanwa kwa vistari vya wino kana kwamba kazi imefanywa kwa mkono. Mchoraji anayejulikana kwa jina la Dyson Logos ndiye aliyeueneza siku hizi, na nyingi katika ramani zake ameruhusu zitumike hata kibiashara. Kuuiga kwa mkono kunachukua usiku. Njia ya mkato: chora kwenye karatasi kipande kidogo cha michirizi, kipige picha kwa simu, kigeuze kiwe kigae kisicho na maungio, kihifadhi kama mchoro wa kujazia. Kisha tanua umbo la sakafu kwa pikseli 40, ondoa sakafu yenyewe, vuruga ukingo wa uchaguzi ili usiwe laini mno, na ujaze. Mtindo huu unataka mwamba uwe mweupe, na hapo kuna faida isiyo ya sanaa: ukipeleka faili steshenari kuchapa, ukurasa mweupe wenye michirizi haunyonyi wino kama ukurasa mweusi, na mwenye printa hatakukunjia uso.

Tukiwa hapo kwenye kuchapa. Wanaochezesha sanamu ndogo juu ya ramani wanatumia kipimo cha inchi moja kwa mraba, nao mraba ni futi tano za ulimwengu wa mchezo. Karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa kila inchi ni 2,480 kwa 3,508, yaani miraba minane kwa kumi na moja na kidogo. Handaki zima haliingii humo. Chapa chumba kimoja tu, kile cha pambano kubwa, mengine yachorwe kwa kalamu mchezo ukiendelea.

Sehemu iliyochimbwa na wezi isiwe na kuta zilizonyooka. Kuna mbinu inayosifiwa sana: zalisha mawingu ya kijivu kwa kichujio, tia ukungu, kisha tumia amri inayogawa picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu. Yanatokea madoa yanayofanana na mapango, nawe unasogeza kipimo hadi yaungane. Inafurahisha na inafaa kwa pango kubwa la asili. Kwa shimo la wezi wawili ni nyundo kubwa kwa msumari mdogo. Shika zana ya kuchagua kwa mkono huru, chora korido huku mkono ukitetemeka, ongeza kwenye sakafu. Mkono unaotetemeka ni fundi mzuri wa mapango.

Ramani mbili kwenye faili moja

Hapa ndipo programu ya picha inapoishinda karatasi ya grafu bila ubishi. Juu ya matabaka yote fungua moja uliite siri. Humo weka namba za vyumba, herufi S za milango ya siri, alama za mitego, tundu la kisimani, na nukta nyekundu mahali ambapo mtawala wa kale anasubiri. Likiwa limewashwa, una ramani ya msimulizi. Likizimwa, una ramani ya wachezaji. Ramani mbili za Arneson na Gygax zimekaa kwenye faili moja na hazitatofautiana hata kwa mraba mmoja, kwa sababu sakafu ni ileile.

Kuna mtego kwenye tabaka la siri ambao wengi hunaswa nao wenyewe: mlango wa siri wakati mwingine unaonekana hata S ikizimwa. Ukichora korido inayokwenda miraba mitano na kufia ukutani, kila mchezaji mzoefu atapapasa ukuta huo. Chumba kilicho nyuma ya mlango wa siri nacho kikae kwenye tabaka lake mwenyewe, sakafu na kuta zake, kizimike chote. Na korido ipe sababu nyingine ya kuwepo, rafu ya mataa au kiti cha mlinzi.

Kwa wanaoonyesha ramani kwenye televisheni au kompyuta iliyogeuziwa wachezaji, liko tabaka la mwisho: jeusi, linalofunika kila kitu. Lipe kificho, si kifutio. Kificho kinaficha nyeusi bila kuiharibu, hivyo kundi likitoka chumbani na taa yake unaweza kurudisha giza. Kifutio hakirudishi kitu. Majukwaa ya mtandaoni yanafanya hivi yenyewe, lakini mezani, watu watano wakiwa wameinamia skrini moja, kuona brashi ya msimulizi ikipasua giza polepole kuna utamu ambao jukwaa halina.

Msimulizi aliyeishiwa mawazo ya mpangilio wa vyumba anaweza kuazima majengo yaliyopo, na sisi wa pwani tunayo ya kutosha. Fort Jesus ya Mombasa ilibuniwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kujengwa kati ya 1593 na 1596. Ina ngome nne za pembeni, birika la maji na njia iliyokatwa kwenye mwamba wa matumbawe kuelekea baharini. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698. Ukiwa na kisa hicho na mchoro huo una kazi gani tena ya kubuni? Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri la sultani wa karne ya 14, ina zaidi ya vyumba mia moja na kidimbwi cha pembe nane kinachotazama bahari, na mchoro wake ulishapimwa na wanaakiolojia. Piga picha ubao wa maelezo au ukurasa wa kitabu, iweke tabaka la chini, ipunguze nguvu, linganisha na kipimo cha gridi, na ufuatishe sakafu juu yake. Ukimaliza zima picha. Ninashauri tu kwamba misikiti na makaburi ya watu wa kweli yaachwe kando. Mizimu ya kubuni inatosha.

Utajuaje kwamba imetosha? Kipimo changu ni kimoja: kila alama iliyo kwenye ramani iweze kujibu swali la mchezaji. Mlango unafungukia wapi? Naweza kujificha nyuma ya nguzo? Ni miraba mingapi hadi ngazi? Ufa wa sakafuni haujibu swali, uondoke. Pipa linajibu, maana mtu atalipindua, libaki. Kwa kipimo hicho ghala la chumvi na kaburi lake vinakamilika kabla ya taarifa ya habari ya usiku, na muda uliobaki utumie kuandika mtawala wa kale anataka nini. Wachezaji watauliza hilo pia, na hakuna kichujio kinacholijibu.

Neno la mwisho ni la tahadhari kwa wanaotuma ramani kwa simu siku moja kabla. Faili la kazi, lenye matabaka, baki nalo wewe. Wachezaji wapelekee nakala ya PNG iliyotolewa tabaka la siri likiwa limezimwa, kwa kuwa aliyepokea faili lenye matabaka anaweza kuyawasha yote kwa kubofya. Na kabla ya kubonyeza kutuma, soma jina la faili. Likiwa "kaburi_la_mfalme_asiyekufa", libadilishe liwe "ghala_la_chumvi".